Cheti Hakina Pua



Mkazi wa Michenzani hahitaji kufundishwa thamani ya maji. Yale majumba marefu yaliyojengwa zama za Mzee Abeid Amani Karume na baada yake, kwa mpango wa mji uliochorwa mwaka 1968 kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki, yaliwapa watu wa Ng'ambo kuta za saruji, taa za umeme na bomba la maji ndani ya nyumba. Lakini maji hayapendi kupanda ngazi. Nguvu yake ikipungua, bomba la ghorofa ya chini hutoa uzi mwembamba, na lile la ghorofa ya nne hutoa hewa. Hapo ndipo ndoo na madumu huanza safari yake, na ndipo visima vya sadaka hupata wateja.

Kisima ninachotaka kukisimulia juma hili kipo nyuma ya jumba mojawapo. Sitasema lipi, kwa kuwa mtaa una macho. Kilichimbwa kwa mashine, kwa fedha za kijana wa mtaa huu afanyaye kazi Muscat, kwa ajili ya marehemu mama yake, kwa nia ile ambayo jirani zetu Waislamu huiita sadaka jariya, yaani sadaka ambayo thawabu yake haikatiki maadamu watu wanaendelea kunufaika nayo. Jina la mama huyo limeandikwa kwa rangi ya kijani ubavuni mwa tangi. Hakuna anayeulizwa dini yake pale bombani. Mimi nina wagonjwa ninaowatembelea katika majumba hayo kila juma, na kwa kupita huko mara kwa mara nikajikuta nimeitwa katika kamati ya kisima. Mwenyekiti alinieleza sababu pasipo kupepesa macho: padri hana jumba, kwa hiyo hawezi kupendelea jumba.

Ndani ya kibanda cha pampu kimetundikwa cheti cha maabara, kimevikwa nailoni kisilowe. Kinasema kwamba maji hayo hayana rangi wala ukungu, chumvi yake inavumilika, na vijidudu vitokanavyo na kinyesi havikuonekana. Kamati inajivunia cheti hicho, na kwa haki, kwa kuwa visima vingi mjini havina hata hicho.

Basi siku moja, katika kikao, akasimama bibi mmoja wa ghorofa ya nne, mtu wa miaka inayokaribia themanini, akasema, "Mwanangu padri, na nyinyi wanangu wengine, maji haya ya alfajiri yana harufu. Ni kama mtu kaosha mikono kwa petroli, kisha kanishikia kikombe changu."

Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Bi Mkubwa, maji yamepimwa. Cheti kipo ukutani."

"Mie sikusema cheti kinasema uongo," akajibu bibi. "Nasema cheti hakina pua."

Wajumbe wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini neno lile halikuniacha. Jioni nilirudi kibandani, nikakisoma cheti mstari kwa mstari. Kila kilichoulizwa kilikuwa kimejibiwa. Waliopeleka maji maabara waliuliza habari za chumvi na za vijidudu, wakajibiwa habari za chumvi na za vijidudu. Habari za petroli, za mafuta ya taa, za dawa za kuulia wadudu, za vile viyeyushi vinavyotumika kuosha grisi na rangi, hazikuwamo, kwa sababu hakuna aliyeziuliza. Maabara si mganga wa ramli atazamaye bakuli la maji akakutajia kila kilichojificha ndani yake. Hujibu swali uliloleta, na hutoza bei ya swali hilo.

Vitu hivyo wanakemia huviweka katika jamii moja kubwa ya kemikali zenye asili ya kaboni. Baadhi yao ni wageni wetu wa siku nyingi. Katika kampeni ya kutokomeza malaria iliyoendeshwa hapa pamoja na Shirika la Afya Duniani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi mwaka 1968, nyumba za Unguja na Pemba zilipuliziwa dieldrini na DDT. Nisieleweke vibaya: malaria ilishuka sana kwa kazi ile, na wako watu wazima leo ambao wasingefika utu uzima pasipo pampu zile za mgongoni. Wageni wengine ni wa kila siku. Gereji huosha vyuma kwa petroli, mafuta machakavu humwagwa uani, na bustani za mboga hupigwa dawa. Na kisiwa chetu kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, lenye nyufa na mapango, ambamo maji hupita kwa haraka bila kuchujwa kama yanavyochujwa yapitapo polepole katika mchanga. Kinachomwagwa juu hakikawii kujua njia ya chini.

Hapa sina budi kuwapeleka mbali kidogo, katika mji wa Woburn, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwa kuwa huko kuna kisa ambacho kila mwenye kupewa kiti katika kamati ya maji angefaa akijue. Mji ule ulichimba visima viwili vya umma, kimoja mwaka 1964 na cha pili mwaka 1967, vilivyopewa majina mafupi ya herufi G na H. Wakazi wa upande wa mashariki walilalamika miaka mingi kwamba maji yana ladha na harufu mbaya. Walijibiwa kwamba maji yamepimwa na ni salama. Na kwa vipimo vya wakati ule, vilivyotazama vijidudu zaidi ya kitu kingine, jibu lile halikuwa uongo. Mama mmoja, Anne Anderson, ambaye mwanawe Jimmy aligundulika kuwa na saratani ya damu mwaka 1972, alianza kuona kwamba watoto wenye maradhi yale yale ni wengi mno katika mitaa michache. Alimwendea kasisi wake wa Kianglikana, Bruce Young. Kasisi hakumwamini. Alikubali kumsaidia kwa nia ya kumtuliza, akitumaini hesabu ingeonyesha kwamba hofu yake haina msingi.

Mwezi Mei 1979 yalikutwa mapipa 184 ya taka za viwandani yametupwa karibu na mto wa pale, na kwa ajili ya mapipa hayo visima vile vikapimwa kemikali za kaboni kwa mara ya kwanza. Wakakuta viyeyushi, mashuhuri kati yao ukiwa ule uitwao trikloroetilini, ambao hutumika kuosha grisi kwenye vyuma. Visima vikafungwa. Mwezi Oktoba mwaka huo kasisi Young aliitisha mkutano wa wazazi kanisani mwake, akapata orodha ya watoto kumi na wawili, na sita kati yao waliishi jirani kwa jirani. Jimmy alifariki Januari 1981. Utafiti wa idara ya afya ya jimbo hilo, uliotolewa katika miaka ya 1990, ulikuta uhusiano kati ya saratani ile na maji ya visima vile waliyokunywa akina mama wakiwa wajawazito, ingawa idadi ya watoto ilikuwa ndogo na wataalamu waliendelea kubishana. Jambo moja linanishangaza hadi leo: mapipa yale hayakuwa ndiyo chanzo cha uchafu wa visima. Yaliwafanya tu watu waulize swali ambalo pua za akina mama zilikuwa zimeliuliza miaka mingi.

Nilisimulia kisa hicho katika kikao kilichofuata. Mwenyekiti alinyamaza kitambo, kisha akauliza swali la mwenyekiti: "Bei gani?"

Bei si ndogo, na ni haki watu waijue sababu yake. Kupima vijidudu hapa Unguja si jambo geni. Kupima kemikali za kaboni kunataka mashine za aina nyingine, na watu wa kuzisoma. Kijana mmoja wa parokia aliyesomea kemia alitueleza hivi. Ndani ya mashine mna mrija mwembamba kama uzi, wenye urefu wa mita makumi, umekunjwa katika tanuri. Kilichomo ndani ya maji hugeuzwa mvuke, kikasukumwa na gesi kupita katika mrija huo. Fikirini, alisema, watu wanaoingia soko la Darajani kwa pamoja upande mmoja na kutokea upande wa pili. Asiye na haja ya kununua hutoka mapema. Anayesimama kwa kila muuzaji hutoka wa mwisho. Basi kila kemikali husimama kwa kiasi chake kwenye kuta za mrija, na kila moja hutoka kwa saa yake. Mlangoni hupokewa na mashine ya pili, ambayo huivunja vipande na kuvipima uzito vipande hivyo, ili isikosewe jina. Na hata hapo maabara hutafuta wale walioandikwa katika orodha iliyoagizwa. Mwizi asiyemo katika orodha aweza kupita mlangoni akisalimiwa.

Viwango vinavyotafutwa ni vidogo hata akili husita. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwamba lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 10 za benzeni, 1 ya DDT na jamaa zake, 2 za lindeni, na kwa aldrini na dieldrini kwa pamoja isizidi mikrogramu 0.03. Mikrogramu moja ni sehemu moja katika milioni ya gramu. Kijana wetu alichukua kalamu. Petroli yenye asilimia moja ya benzeni hubeba kiasi cha gramu saba za benzeni katika kila lita. Kama gramu hizo zote zingeingia katika maji, lita moja ya petroli ingetosha kuyafikisha maji lita 700,000 kwenye kikomo hicho, yaani mapipa 3,500 ya lita 200. Nilimwona mwenyekiti akigeuza shingo kutazama jenereta.

Nami niliuliza juu ya pua ya bibi, kama ni shahidi wa kutegemewa. Jibu lilikuwa la ajabu. Wako jamaa wa petroli, kama tolueni na zailini, ambao pua huwanusa hata kabla hawajafikia kikomo cha afya, kwa hiyo kwa hao pua ni mlinzi mwema. Lakini benzeni, ambayo ndiyo ijulikanayo kuleta saratani ya damu, haionjeki majini mpaka iwe imezidi kikomo chake mara hamsini au zaidi. Na DDT katika viwango vile mtu hainusi kabisa. Basi anayesema maji yananuka asipuuzwe, na anayesema maji hayanuki asiaminiwe kwa hilo peke yake. Kuchemsha nako, ambako sisi sote tumefundishwa tangu utoto, huua vijidudu vya kipindupindu, lakini hakukutungwa kwa ajili ya adui huyu: benzeni huweza kutoka pamoja na mvuke ikajaza jiko, na dieldrini nyingi ikabaki sufuriani. Klorini nayo huua vijidudu, petroli haiiondoi.

Ikaamuliwa maji yapelekwe katika maabara moja ya Dar es Salaam. Ndipo ukazuka ubishi ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa na maana kuliko mambo yote ya kikao kile. Mtaalamu tuliyezungumza naye kwa simu alitaka pampu iendeshwe kwanza mpaka maji yaliyolala kisimani na bombani yaishe, ndipo chupa zijazwe, ili kipimo kionyeshe maji ya ardhini yenyewe. Ni kanuni njema, na ndiyo inayofuatwa duniani kwa yeyote atakaye kujua hali ya maji ya chini. Bibi aliposikia hivyo akagonga sakafu kwa fimbo yake. "Hayo mnayotaka kuyamwaga," alisema, "ndiyo ninayoyanywa mie. Mie nachota baada ya sala ya alfajiri, kabla hapajawa na foleni. Au nami mnimwage?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Tukanunua chupa zaidi.

Kwa hiyo asubuhi moja, kabla ya saa kumi na mbili, tulikuwapo bombani: bibi amekalia kigoda, kijana wa kemia na chupa zake, mwenyekiti ameshika tochi. Chupa za kazi hii ni ndogo, za kioo cha rangi ya kahawia ili jua lisiharibu kilichomo, nazo hujazwa mpaka pomoni pasibaki hata povu moja, kwa kuwa benzeni ikipata hewa hutoroka maji na kuhamia humo. Huwekwa matone ya asidi ili vijidudu visiile kemikali njiani, kisha hulazwa katika barafu, na maabara inapaswa kuzipima ndani ya siku 14. Jozi ya kwanza ilijazwa kwa maji ya kwanza ya alfajiri pale bombani. Jozi ya pili bombani hapo hapo, baada ya maji kutiririka kwa muda mrefu. Ya tatu mdomoni mwa kisima chenyewe. Palikuwa na jozi ya nne iliyotoka maabara ikiwa na maji safi, ambayo haikufunguliwa kabisa. Kazi yake ni kusafiri na wenzake, na ikirudi na petroli ndani yake, basi petroli hiyo imetoka garini au melini, si kisimani. Naipenda chupa hiyo. Barafu tulinunua kwa wauza samaki, chupa zikafungwa kwa mifuko miwili miwili zisichukue harufu ya changu, na zikavuka bahari kwa boti ya asubuhi.

Kusubiri majibu kulikuwa kugumu kuliko kupima. Vijana wa kamati walitaka kisima kifungwe mara moja. Mwenyekiti akakataa, na nadhani alikuwa na haki ya kukataa. Alikumbusha kipindupindu kilichoanza Septemba 2015 na kuendelea mwaka 2016, kilichowaangusha maelfu ya watu Unguja na Pemba. Mji huu una kumbukumbu ndefu ya ugonjwa huo. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu hapa wakati wa tauni ile kubwa ya kipindupindu ya 1869 na 1870, aliandika kitabu kizima juu yake, kilichochapwa mwaka 1876. Na Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888, ndiye aliyewaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mfereji kutoka upande wa Bububu. Kipindupindu huua kwa siku moja; benzeni hungoja miaka. Ukimfungia mtu kisima chenye shaka ya saratani, naye akaenda kuchota kwenye kisima kifupi kilicho jirani na karo, umemwokoa na nini? Nimewasikia watu wenye elimu kubwa wakilijibu swali hili upesi mno, kwa kuwa wao maji yao hutoka dukani.

Tukafika mahali pa katikati ambapo hapakumpendeza mtu. Kisima kibaki wazi kwa kufua, kuoshea na vyooni. Asichote mtu maji ya kunywa mpaka bomba limetiririka kwa muda. Akina mama wajawazito na watoto wachanga watafutiwe maji mengine. Kwenye karatasi ni sentensi tatu. Katika ngazi za Michenzani, sentensi ya tatu ni dumu la lita ishirini juu ya kichwa cha msichana wa shule, kutoka mtaa wa pili, kila jioni.

Ikabaki kumwarifu mwenye sadaka. Kazi hiyo walinitupia mimi, kwa sababu zile zile za mtu asiye na jumba. Nilimpigia simu Muscat. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Padri, yaani sadaka ya mama yangu mnaiita sumu?"

Sikumjibu kwa hoja. Mtu hajibiwi kwa hoja juu ya mama yake. Nilimsimulia habari ya Vikuge, karibu na Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la serikali la pale lilipokea msaada wa viuatilifu kutoka Ugiriki, kiasi cha tani 170, vikiwamo DDT na HCH. Ilikuwa zawadi yenye nia njema. Lakini sehemu kubwa ya dawa zile muda wake wa matumizi ulikuwa umekwisha zilipofika, na wingi wake ulizidi mno mahitaji ya eneo lile. Zikakaa, vifungashio vikaharibika, zikaingia ardhini. Jitihada za kusafisha zilifanywa zaidi ya mara moja. Hata hivyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipochukua udongo mwaka 2000, walikuta kwamba mahali pengine karibu asilimia 30 ya udongo wenyewe ilikuwa ni viuatilifu. Nikamwambia: ndugu yangu, hakuna aliyesema kwamba watoaji wale walikuwa na moyo mbaya. Zawadi yako sisi tunaitunza mapema, ili asije mtu akaisimulia hivyo. Alinyamaza. Kisha akasema niendelee kumpa habari, na simu ikakatika. Kama aliikata yeye au mtandao, sikuuliza.

Majibu yalipokuja tuliyasoma kibandani, tumesimama. Chupa iliyosafiri bila kufunguliwa ilikuwa safi. Chupa za mdomoni mwa kisima zilikuwa safi kwa kila kemikali ya orodha ile. Chupa za bombani baada ya maji kutiririka zilikuwa na dalili ndogo. Chupa za alfajiri zilikuwa na jamaa wote wa petroli, na benzeni ilikuwa imezidi kikomo.

Kwa kitambo hakuna aliyeelewa. Kisima kizima, bomba gonjwa. Uchafu ungeingiaje katikati, na bomba halina tundu? Kijana wa kemia akatuonyesha kidole chini. Jenereta ya pampu ilinunuliwa na watu wa jumba lile zama zile ambapo Unguja ilikaa gizani kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya ile mwezi mmoja ya mwaka 2008. Kisima kilipochimbwa waliitoa sadaka nao. Iliwekwa kibandani, na pembeni yake dumu la petroli, na kila ilipojazwa kikombe kimoja kilimwagika sakafuni, ambayo ni ya udongo. Chini ya udongo huo limepita bomba jeusi la plastiki liendalo kwenye mifereji ya kuchotea. Plastiki ya aina ile huzuia maji, lakini petroli hupenya ukuta wake polepole pasipo tundu lolote, kama harufu ya vitunguu inavyopita mfuko wa nailoni. Mchana maji hupita upesi, hayapati muda wa kunywa petroli nyingi. Usiku hulala bombani saa nane, yakinywa. Anayechota wa kwanza ndiye anayepokea kikombe cha usiku kucha.

Kama tungefuata kanuni ya kumwaga maji yaliyolala na kupima yale yaliyobaki, tungepata cheti cha pili cha kutundika kando ya kile cha kwanza, nacho kingekuwa cha kweli vile vile.

Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alikumbusha kwamba vyanzo vya maji ya ardhini vinatishiwa na uchafu wa migodi, wa mashamba na wa viwanda, hasa mahali ambapo usimamizi ni hafifu. Ni kweli. Huku kwetu nitathubutu kuongeza dumu la petroli lisilo na kifuniko, ambalo halihitaji kiwanda wala mgodi.

Nilimpigia simu yule ndugu wa Muscat nikamwambia, kisima cha mama yako ni kizima. Alirudia maneno hayo mara mbili, kisha akauliza ni bomba la aina gani lisilopenya petroli, na ni mita ngapi. La chuma limekwisha kulazwa, kwa njia nyingine isiyopita kibandani. Jenereta imehamishiwa upande wa pili wa uwanja, juu ya sakafu ya saruji yenye ukingo. Chupa nyingine za alfajiri zitachukuliwa juma lijalo, na bibi ameomba kigoda chake kiwekwe pale pale.

Udongo ndio umetushinda. Tuliuchimba mpaka usinuke tena, ukajaza magunia kumi na moja, na yamekaa chini ya turubai nyuma ya jumba. Mwenye gari la takataka alinusa gunia moja akaondoka. Mtu mmoja alijitolea kuyamwaga shambani kwake, tukamkatalia. Tumeiandikia mamlaka ya mazingira barua, nakala ninayo, na wakati naandika haya watoto wamekatazwa kucheza upande ule, ambao ndio upande wenye kivuli.